Sarafu Chini ya Barafu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi. Siku hiyo hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyelia. Kule juu, katika ukumbi mpya wa chuo cha udaktari, watu waliovaa suti walikuwa wakipiga makofi, na mkasi wa kukatia utepe uliletwa juu ya sinia kama mtoto wa mfalme. Msiba ulianzia chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, na uliingia bila kupiga hodi.

Sajini hakuijua tarehe hiyo alipofika chuoni Alhamisi ile, wiki tano baadaye. Alichokuwa nacho ni jalada jembamba lenye marehemu mmoja, mtuhumiwa mmoja na siku nne za kufanyia kazi, maana Jumatatu mtuhumiwa alikuwa anapandishwa kizimbani.

Marehemu alikuwa dereva wa lori, mwenye miaka hamsini na mbili. Mguu wake ulifanya donge la damu, akaandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa siku kumi na mbili alivuja: kwanza fizi, kisha mkojo, mwisho kichwani. Mtuhumiwa alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mhadhiri msaidizi, ambaye wagonjwa walimwita Mama Vichupa kwa sababu hakuwahi kupita wodini bila vichupa vya damu mkononi. Kazi yake iliitwa famakojenomiki, neno ambalo Sajini alilisoma mara tatu kwenye jalada na mara zote tatu akakwama njiani. Alipoelezwa maana yake akaona ni nyepesi kuliko jina. Miili haifanani. Dawa ileile, kipimo kilekile, mmoja kinamponya na mwingine kinamzika, na sababu imeandikwa kwenye damu aliyoirithi kwa wazazi wake. Mama Vichupa aliisoma damu hiyo, kisha akamvisha mgonjwa kadi shingoni. Kijani: mwili unaivunja dawa upesi, apewe kipimo kizima. Njano: nusu. Nyekundu: robo, na asiachwe bila kutazamwa.

Dereva alivishwa ya kijani. Baada ya kufa, damu yake ilipimwa upya kwenye maabara nyingine. Alistahili nyekundu.

Chuo hakikuchelewa. Barua ya kumsimamisha kazi binti yule iliandikwa siku ya mazishi. Wakubwa wakiambiwa wachunguze jambo lao hulikalia mwaka mzima. Likiwa jambo la kumtafuta mdogo wa kulibeba, huwa wepesi kama watu walioketi juu ya siafu.

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika kwenye ngazi. Sajini aliuliza njia ya kushukia chini, na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu ya buluu akamwuliza kama amekuja kukamata madaktari.

“Nimekuja kuuliza tu, mama.”

“Ukija kukamata anzia juu, kabla pingu hazijakuishia.” Akamtazama kola ya shati, jinsi ilivyokaa bila kupigwa pasi. “Huna mke.”

Sajini akamwambia amemzika mwaka wa tatu sasa.

“Pole, mkwe wangu. Mimi nina binti. Ana maneno mengi, lakini pasi anaijua.” Foleni ikacheka. Bibi akainua kadi iliyoning'inia kifuani mwake. “Na mimi mama yake nimefaulu. Kijani. Huyu mzee hapa amepata nusu, muone alivyonuna.”

Mzee wa kadi ya njano akasema yeye hakununa, amechoka kusimama. Hata Sajini alicheka. Ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka siku hiyo.

Fundi wa maabara alimpokea mlangoni. Walimwita Digrii, kwa sababu hakuwa nayo na hakuweza kusema sentensi mbili bila kuitaja. Alieleza kwamba wenye digrii ndio wanaosoma damu, wasio nayo wanaitunza. Friza lilikuwa refu kuliko mtu, linanguruma kama trela linalopanda mlima. Ndani yake kulikuwa na vichupa mia mbili na kumi na mbili, kimoja kwa kila mgonjwa, na vinatakiwa visikae kwenye joto zaidi ya themanini chini ya sifuri.

Sajini alihakikisha habari za funguo alizozisoma kwenye jalada. Ukiacha wa Mama Vichupa, zilikuwa tatu: wa Profesa anayeongoza utafiti, wa Digrii, na wa mhadhiri msaidizi wa pili, aliyekuwa akigombea na Mama Vichupa nafasi pekee ya uhadhiri iliyotangazwa chuoni katika miaka sita. Siku nzima ya jana Sajini aliipoteza kwa huyu wa tatu. Wivu upo, ufunguo upo, sababu ipo. Lakini pasi yake ya kusafiria ilikuwa na mihuri: alikuwa ng'ambo kwenye mkutano mwezi wa tatu wote, tangu tarehe mosi, na damu ya dereva iliwekwa na kusomwa ndani ya mwezi huohuo. Mlango huo ukafungwa.

“Na friza halijawahi kuzimika?”

“Halijawahi, afande. Karatasi hii hapa.”

Ilibandikwa mlangoni mwa friza. Kila siku visanduku viwili, asubuhi na jioni, na kila kisanduku kina joto na sahihi ya Digrii. Themanini, themanini, themanini. Kila Ijumaa Profesa anasaini chini. Sajini aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, maana shule yake iliishia darasa la saba na tangu hapo alisoma kila kitu kama anayehesabu mbegu. Kioo cha friza kilionyesha sabini na saba. Karatasi ya leo ilisema themanini. Kisanduku cha Alhamisi jioni nacho kilikuwa kimejazwa, kikasainiwa, na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Aliomba afunguliwe.

Moshi wa baridi ulimwagika miguuni mwao. Vichupa vilikuwa vimepangwa vizuri, lebo zote mpya, zote zinatazama mbele. Rafu ya chini kabisa, nyuma, kulikuwa na kikombe cha plastiki kilichojaa barafu.

“Hiki?”

Digrii akacheka. “Uchawi wa Mama Vichupa. Ana digrii mbili na bado anafuga kikombe.”

Sajini alikitoa kwa leso na kukiinua kwenye taa. Sarafu ilikuwa ndani, imelala chini kabisa kwenye kitako. Aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkewe aliuza barafu kwa miaka kumi na sita, na kila alipokwenda kwao kwenye msiba aliacha kikombe kama hiki ndani ya friji. Unagandisha maji. Yakishakuwa jiwe, unalaza sarafu juu. Umeme ukikatika ukiwa safarini, barafu inayeyuka na sarafu inazama. Umeme ukirudi, maji yanaganda tena, lakini sarafu haijui kupanda.

Alikipiga picha kikombe, akakirudisha, akabandua karatasi mlangoni. Digrii aliuliza ya nini. Sajini akamwambia anapenda mwandiko wake.

Kituoni, askari wa kike alimtoa Mama Vichupa mahabusu na kumketisha mbele ya meza. Alikuwa amekonda usoni, na viatu vyake havikuwa na kamba. Hakuuliza habari za wakili.

“Leo wagonjwa wamepewa dawa?”

“Wamepanga foleni. Mwanangu, kile kikombe.”

Aliinamisha kichwa kama aliyekutwa na kosa la kitoto. Alieleza kwamba alifundishwa na mwanamke anayefagia maabara, mwaka alioanza. Wenzake walimcheka hadi Profesa akatania kwenye kikao kwamba sayansi imepata mshindani. Akakisukuma nyuma, lakini hakukitoa.

“Mara ya mwisho kukitazama?”

“Tarehe kumi na tatu, Jumatatu. Nilikuwa nasafiri. Profesa alinituma hospitali za nje ya mji kuchukua damu, wiki nzima. Sarafu ilikuwa juu.”

“Uliporudi?”

“Nilitazama karatasi. Themanini kila siku. Mtu akiwa na karatasi iliyosainiwa na profesa, afande, anaanzaje kuinama kutafuta sarafu? Nilikuta Digrii amenibadilishia lebo zote. Alisema zile za zamani zilianza kubanduka. Nilimshukuru. Nilimnunulia soda.”

Sajini akamwonyesha picha.

Hakulia. Alihesabu kitu kwa vidole juu ya meza, akaacha. Alieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa tupu. Lebo zao ni za karatasi. Walishaomba za plastiki. Friza likiyeyuka linatoka jasho, na lebo ya karatasi ikilowa inaachia. Aliyezibandika upya hakuwa na cha kumwongoza, kwa kuwa damu ya mtu na ya mtu mwingine ndani ya kichupa ni sawa kwa macho. Yeye, aliporudi, alisoma kila kichupa kwa usahihi. Aliyoyasoma yalikuwa ya watu wengine.

“Basi si dereva peke yake,” alisema.

Sajini aliinuka. Alisema anarudi hospitali kuwaambia watu wavue zile kadi, waache dawa.

“Usithubutu.” Askari wa kike aligeuka, jinsi sauti ile ilivyotoka. “Wakiacha ghafla, damu itaganda. Wapo watakaokufa kwa kuacha. Ukinyamaza, wapo watakaovuja. Hata kipimo cha kuangalia damu inavyoganda hakipo, vifaa vyake vimeisha tangu mwezi wa kwanza, ndiyo maana wodi ilizikimbilia kadi zangu. Njia ni moja. Waitwe wote, wachukuliwe damu upya, na wodi iwatazame kitandani hadi majibu yatoke. Wiki mbili. Na mwenye uwezo wa kuwaita ni Profesa.”

Alikuwa amekaa miaka saba kwenye kazi hiyo. Mchumba alingoja minne, akaoa kwingine. Kila alichokiandika, jina la Profesa lilitangulia, na la kwake likafuata nyuma kama mzigo. Sajini alimwuliza kwa nini hakuacha. Alijibu kwamba kaka yake alikufa kwa kidonge cha kawaida, kipimo cha kawaida, na daktari aliyewaambia habari hizo alisema ni bahati mbaya. Alitaka kujua bahati mbaya inakaa wapi.

Saa sita Sajini alikuwa kwenye kibanda cha fundi umeme wa chuo, mzee wanayemwita Fyuzi. Huyu hakuhitaji kubanwa. Alivuta daftari lake la kazi kwenye droo, lenye madoa ya grisi, akalamba kidole na kufunua.

Tarehe kumi na nne, saa nne na robo: zima njia ya chini, peleka umeme ukumbini, viyoyozi vinazidiwa. Amri ya ofisi kuu.

“Walituma mtu anakimbia,” Fyuzi alisema. “Wageni wanatoka jasho, hotuba bado tatu.”

“Ukairudisha lini?”

Ukurasa uliofuata. Ijumaa, tarehe kumi na saba, saa moja asubuhi.

“Siku tatu, mzee?”

“Afande, mimi nina miaka ishirini na nane hapa. Nilishawahi kuwasha kitu bila amri, nikaandikiwa barua ya onyo. Amri ya kuzima ililetwa. Ya kuwasha hakuna aliyeileta. Hadi Digrii alipokuja mbio, suruali imelowa hadi magotini.”

Aliongeza kwamba friza lile lina king'ora chake cha kulia likipata joto, kinatumia betri. Betri ilikufa mwaka jana. Fomu ya kuomba nyingine ilihitaji sahihi tatu, na hadi leo ilikuwa na mbili. Wanasema ukubwa ni jalala. Labda zamani. Jalala la pale halikupokea taka. Lilizirusha kwa wadogo, na anayenuka ndiye anayefukuzwa.

Sajini alimkuta Digrii anakula mkate amesimama. Aliweka karatasi ya friza juu ya meza, akaweka kidole kwenye kisanduku cha Alhamisi jioni.

“Saa ngapi sasa?”

“Saa saba kasoro.”

“Jioni ya leo friza litasoma ngapi?”

Digrii alitafuna, akaacha kutafuna.

“Na kesho umeandika ngapi? Naona kesho nayo iko hapa.”

“Najaza Jumatatu,” alisema mwishowe. “Wiki nzima. Profesa Ijumaa anahesabu visanduku vitupu, haangalii namba. Kitupu kimoja ni barua. Na wiki ile, afande, sikuwepo hata huku chini. Siku ya sherehe nilivishwa tai, nikapanga viti. Siku mbili zilizofuata nilikuwa navirudisha.”

“Ijumaa ukashuka.”

“Nikakuta maji. Lebo zinaelea.”

“Ngapi?”

“Zilizobanduka ni sitini na moja. Nyingine zililegea tu, zilikuwa bado kwenye vichupa vyake. Hizo nilizibadilisha sawasawa.”

“Ukamwambia nani?”

Hapo ndipo alipoketi. Alimpigia Profesa simu, na Profesa alishuka mwenyewe na viatu vyake vizuri akasimama kwenye maji. Hakufoka. Alitazama rafu kwa muda, kisha akasema neno moja: panga. Digrii alimwambia hajui kipi ni cha nani. Profesa akamwuliza ana miaka mingapi kazini. Kumi na moja. Basi unavijua vichupa vyako, alisema, akapanda ngazi.

“Ukavipanga kwa kufuata nini?”

“Kwa kukumbuka. Kama ishirini hivi nina uhakika, vilikuwa pembeni.”

“Na wale arobaini na moja?”

Digrii aliutazama mkate wake. “Walipangwa tu,” alisema.

Aliandika maelezo yake kwa mkono wake, kurasa mbili, akasaini. Aliposaini alichelewa kidogo, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaweka sahihi chini ya jambo lililotokea kweli.

Ofisi ya Profesa ilikuwa ghorofa ya nne, na kiyoyozi chake kilifanya kazi. Profesa alimkaribisha kiti, akamwita ndugu yangu. Alisikiliza yote: kikombe, daftari, karatasi, lebo sitini na moja. Hakukatiza hata mara moja. Sajini alipomaliza, aliuliza kwa upole kama mahakama za siku hizi zinapokea ushahidi wa vikombe.

“Zinapokea maelezo ya fundi wako.”

“Fundi aliyekiri kwamba ameghushi karatasi kwa miaka kumi na moja. Huyo ndiye shahidi wako.” Alipanga kalamu zake zikawa sambamba. “Na mimi nilimwambia nini? Panga. Nchi yenye fundi wa maabara anayehitaji kuambiwa maana ya panga, ndugu yangu, ina matatizo makubwa kuliko mimi.”

“Waite wale wagonjwa. Mengine tutayazungumza Jumatatu. Waite, wachukuliwe damu upya.”

Kwa mara ya kwanza Profesa alionekana mzee. Alisema kuwaita ni kutangaza. Kukitangazwa, utafiti umekufa, ufadhili umekufa, na wanafunzi kumi na wanne wanaosomeshwa na ufadhili huo watarudi kwao. Alisema dereva alikuwa bahati mbaya. Sajini alikuwa amelisikia neno hilo mara moja tayari siku hiyo. Na miaka mitatu nyuma pia, kwenye korido ya hospitali, kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe kama la Profesa. Alifunga jalada lake taratibu.

“Majina yao yako wapi?”

“Kwenye kompyuta ambayo utahitaji hati ya mahakama kuigusa.”

Simu ya Sajini iliita mfukoni. Alikuwa mkuu wa kituo, na hakusalimia. Alisema jalada lile lirudishwe mezani kwake kabla ya saa kumi, upelelezi umekamilika, mtuhumiwa aliyepo anatosha. Alisema pia kwamba askari yeyote atakayezua hofu hospitalini atajibu yeye na mshahara wake. Profesa alikuwa akitazama dirishani, kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuzungumza na familia yake.

Sajini aliteremka ghorofa nne kwa miguu. Wodini alimsimamisha daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, akamnong'oneza yote. Daktari alisikiliza, akaegemea ukuta. Alisema anaamini. Alisema pia kwamba kadi zimewekwa kwa waraka, na hawezi kubadili kipimo cha mgonjwa hata mmoja bila waraka mwingine kutoka ghorofa ya nne. Kisha akaitwa kitandani akaondoka, na hakugeuka.

Ilikuwa saa nane na nusu. Foleni ya asubuhi ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekwisha. Kijani, njano, nyekundu, njano, kijani. Sajini alihesabu shingo thelathini na nne. Ndani ya jalada alikuwa na tarehe, saa, amri, mwandiko na sahihi. Alijua nani alizima, nani alinyamaza, na nani alisema panga. Alichokosa ni jina moja zaidi ya la dereva, lolote kati ya arobaini na moja.

Mzee wa kadi ya njano alikuwa ameshapata dawa zake na kwenda. Bibi wa kofia ya buluu ndiye aliyekuwa dirishani. Alipokea vidonge vyake kwenye bahasha ndogo, akageuka, akamwona.

“Mkwe. Umekamata?”

“Bado, mama.”

Alimsogelea. Asubuhi alikuwa na mzaha. Sasa alizungumza chini, asisikiwe na wa nyuma yake. Alisema mfagiaji amepita akisema kuna polisi huko chini anatazama lebo. Alisema pia kwamba tangu juzi, akipiga mswaki, anatema mate yenye rangi ya waridi, na hakutaka kumwambia mtu kwa vile kadi yake ndiyo ile nzuri. Kidonge cha mchana kilikuwa tayari kwenye kiganja chake. Kwa mkono mwingine aliinua kadi ya kijani hadi usawa wa macho ya Sajini, ili aisome vizuri.

“Wewe ndiye uliyeshuka ukaona,” alisema. “Damu inayosema kwenye kadi hii, ni yangu au ya nani?”